Jiko la Hamburg, Msingi wa Kigamboni

Nyumba ya kupanga Ujerumani mara nyingi hukabidhiwa tupu zaidi kuliko mgeni anavyotazamia. Kuta zimepakwa rangi nyeupe, redieta zimepangwa chini ya madirisha, na kile chumba kinachoitwa jikoni kina mabomba yaliyochomoza ukutani, soketi chache na tundu la umeme wa jiko. Sinki hakuna, kabati hakuna, jiko hakuna. Pengine hata taa hakuna, nyaya zinaning'inia darini. Mpangaji aliyehama ameondoka na vyake, kwa kuwa alivinunua na kuvifunga kwa pesa yake.

Familia iliyotoka Dar es Salaam ikiingia humo, haupiti muda kabla ya kuzuka ubishi: tununue jiko zima, pamoja na sinki na kabati zake, au tupike kwa plati mbili za umeme zilizowekwa sakafuni, pesa iende kwenye ujenzi nyumbani? Nimewasikia watu wazima wakibishana juu ya jambo hili hadi wakanuniana. Wapo wanaoliona ni ugomvi wa mke na mume tu, wa kumalizwa chumbani. Mimi naona ni swali la nani ana haki ya kwanza juu ya pesa ya familia, na nina upande ninaousimamia. Nitausema.

Sauti zinazofuata nimezitunga. Hoja ni za watu wengi. Tuiweke familia hiyo Billstedt, mashariki ya Hamburg, ghorofa ya tatu, vyumba vitatu. Mke ni muuguzi. Alitangulia peke yake, akakaa hosteli ya wafanyakazi hadi vyeti vyake vilipotambuliwa, kisha akapata nyumba. Mume, fundi umeme, amemfuata na watoto wawili, naye sasa yuko kwenye darasa la Kijerumani. Yupo Mjomba, kaka yake mke, mkazi wa Hamburg tangu miaka ya tisini. Na yupo Dada wa Mombasa, anayefanya kazi wodi moja na mke, amekuja kuwajulia hali. Wamekaa kwenye mkeka sebuleni, maana viti bado.

MUME: Sikatai jiko. Nakataa jiko la mwaka huu. Kiwanja cha Kigamboni tumemaliza kukilipia, msingi umekwisha, tofali zimefyatuliwa, na masika ijayo itazikuta pale pale zimeota majani. Fundi ananipigia kila Jumapili. Sasa kuna mama mtaa wa pili anauza jiko lake kwa euro 1,200. Pesa hiyo ikifika Dar ni saruji, ni nondo, ni kuta hadi kwenye lenta. Hapa sisi ni wapangaji. Mwenye nyumba akiitaka nyumba yake, tutabeba makabati mgongoni?

MKE: Baba watoto, wewe hujaosha vyombo bafuni umepiga magoti. Mimi naosha. Zamu nzima nimeinama nageuza wagonjwa, nikirudi nainama tena kwenye hodhi la kuogea nasugua sufuria ya ugali. Wiki iliyopita tumenunua chakula cha nje mara tatu kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupikia sakafuni. Piga na hesabu hiyo, usipige ya saruji tu.

MUME: Ni kipindi cha kubana mkanda. Kila aliyejenga amebana.

MKE: Na posho ya watoto? Mwaka 2025 Ujerumani ilikuwa inatoa euro 255 kwa kila mtoto kwa mwezi. Inatolewa kwa ajili ya mtoto ale, avae, asome. Tukiigeuza nondo tumemwambia nini huyo mtoto?

MUME: Tumemwambia ana kwao.

MJOMBA: Shemeji anasema kweli. Mwacha asili ni mtumwa. Mimi nilipofika hapa nililala kwenye godoro nililookota kando ya barabara, siku watu walipotoa vitu vyao vizito vichukuliwe. Meza yangu ilikuwa kreti. Sikununua kochi miaka mingi, na sikufa. Wenzangu walionunua makochi ya ngozi leo hawana hata choo huko kwao. Msiingie mtego huo. Nyumba ya ugenini ni ya kulala tu, uamke uende kazini.

MKE: Kaka, naomba nikuulize kwa heshima. Nyumba yako ya Tanga, ya vyumba vinne, umelala humo mara ngapi?

MJOMBA: Chache.

MKE: Na hapa Hamburg umelala miaka zaidi ya thelathini. Kreti ile ile.

MJOMBA: Umemaliza? Basi na wewe nisikilize. Nyumba ile mimi sikuilala, aliilala mama yetu. Miaka yake ya mwisho hakuhamisha kitanda kwa sababu ya mvua kuvuja, hakuomba hifadhi kwa jirani, na siku ya msiba watu walipata pa kukaa. Wewe ulikuwa bado mdogo, hukumbuki paa la makuti lilivyokuwa masika. Mimi nakumbuka. Kwa hiyo usinihesabie usiku niliolala. Hesabu aliolala yeye.

Hapo pangeweza kufungwa mjadala, na kwa wengi hufungwa. Mtu akishamtaja mama aliyelala pakavu, mwenye kutaka sinki huonekana mchoyo. Mimi naliheshimu sana jibu la Mjomba. Ni hoja nzito kuliko zote za upande wake, kuliko asili na utumwa, na nitairudia mbele kwa sababu ndani yake mna kitu ambacho yeye mwenyewe hakukusudia kukisema. Lakini kwanza kuna hofu moja ya kuondoa njiani, ile ya makabati mgongoni. Huyu baba amekulia kwenye nyumba za kupanga za Dar, anaongea kwa yaliyompata huko.

MUME: Temeke nililipa kodi ya miezi sita mbele, nikapaka rangi, nikafunga mfumo wa umeme upya. Mwenye nyumba alipoona imependeza akapandisha kodi. Nikatoka. Nimejifunza.

DADA WA MOMBASA: Pole, shemeji. Lakini hebu sikiliza, hapa mambo yamekaa vingine. Kwanza jiko ni lenu, si la mwenye nyumba. Mkihama mnalichukua, ama mnamuuzia anayeingia kama yule mama anavyowauzia nyinyi. Pili, mkataba wenu hauna tarehe ya mwisho. Maadamu mnalipa kodi na kufuata mkataba, hawezi kuamka asubuhi akasema tokeni. Anahitaji sababu inayokubalika kisheria, mathalani anaihitaji nyumba yeye au jamaa yake, tena awape notisi ya miezi 3. Mkiwa mmekaa zaidi ya miaka 5, notisi yake ni miezi 6. Zaidi ya miaka 8, ni miezi 9. Nyinyi mkitaka kuondoka notisi yenu inabaki miezi 3. Zaidi ya nusu ya watu wa nchi hii ni wapangaji, shemeji. Kuna mabibi wamezeeka kwenye nyumba za kupanga, mapazia yao na maua yao dirishani.

MUME: Haya, hilo sikulijua.

DADA WA MOMBASA: Na dhamana mlilipaje?

MKE: Kodi ya miezi mitatu, yote kwa mkupuo. Nilikopa kwa wenzangu kazini.

DADA WA MOMBASA: Sheria inasema isizidi kodi ya miezi 3, bila kuhesabu gharama za joto na huduma, na mpangaji ana ruhusa kuilipa kwa mafungu matatu, la kwanza mnapoingia. Haukuwepo ulazima wa kukopa. Jiandikisheni chama cha wapangaji cha Hamburg, Mieterverein. Kipo tangu 1890, kazi yake ndiyo hiyo. Mnalipa ada ya mwaka, na wanasheria wao wanawasomea mkataba na ile hesabu ya huduma inayoletwa kila mwaka.

Nimekaa na maneno haya ya Dada kuliko mengine yote. Familia nyingi zetu huishi Ulaya kwenye maboksi kwa woga waliotoka nao Sinza, Temeke au Buguruni, woga wa haki kabisa kule ulikozaliwa, na hakuna anayewaambia kwamba mlango huu mpya una kinga nyingine. Wageni hufundishwa kupitisha hewa, kufungua madirisha wazi kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku hata wakati wa baridi ili kuta zisiote ukungu. Hufundishwa kutenganisha takataka, karatasi huku, maganda kule. Hufundishwa kutotwanga kwenye kinu Jumapili wala baada ya saa nne usiku. Yote hayo ni wajibu. Upande wa haki unabaki kwa bahati, kwa kumpata mtu kama huyu Dada. Hili linaniudhi kwa dhati, kwa sababu mtu asiyejua haki yake ya kukaa hawezi kukaa. Atashinda amefunga mizigo.

BINTI: Naweza kusema?

MJOMBA: Mazungumzo ya wakubwa haya, mama.

MUME: Mwache aseme, shemeji. Naye anakaa humu.

BINTI: Shikamoo mjomba, sikusudii kuwakosea. Ni kuhusu barua. Mama barua zake za kodi ya mapato zilirudishwa kwa sababu kwenye sanduku chini tumeandika jina la baba tu.

Niingilie kidogo, maana jambo hili dogo limewaumiza wengi. Katika majengo mengi ya Ujerumani milango haina namba. Kengele na sanduku la barua hubeba majina, na mleta barua hutafuta jina. Kwetu mke hubaki na jina la baba yake, mtoto huchukua la baba yake, kwa hiyo nyumba moja ina majina mawili au matatu. Likiandikwa moja, wengine ni kama hawaishi hapo. Na nchi hii bado huendeshwa kwa barua: ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia lazima mjiandikishe ofisi ya wakazi, mkiwa na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha mmehamia, na baada ya hapo bahasha zinaanza kumiminika. Namba ya kodi ya mapato huja kwa posta. Hata ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba tangu Agosti 2021, hudaiwa kwa barua uwe na televisheni au usiwe nayo.

BINTI: Nikamwambia baba tuandike yote matatu, akasema tusitoboetoboe sanduku la watu, tutaondoka. Kila kitu jibu ni tutaondoka. Darasani kwetu, darasa la wageni wanaojifunza Kijerumani kwanza, kila mtu anatoka nje: Syria, Ukraine, Ghana. Wamenialika kwao. Nimekwenda mara nyingi. Siwezi kuwaalika kwa sababu hatuna meza, na wakiingia watadhani tunahama. Kazi ya shule naifanya juu ya kitanda. Baba, tunaondoka lini?

MUME: Hatuondoki sasa.

BINTI: Basi nitaandika majina.

Hapa ndipo upande wangu ulipo. Mtoto wa miaka 13, kama binti huyu, ana mwaka mmoja tu wa kuwa na miaka 13. Mwaka huo hauwekwi akiba. Ukuta wa Kigamboni ukichelewa mwaka, utasimama mwakani ukiwa vile vile. Tofali zitafutwa ukungu, saruji itakuwa imepanda bei, na hasara hiyo inahesabika. Urafiki ambao mtoto hakuupata alipokuwa mgeni darasani hauji kulipwa na chumba cha kulala kilicho ng'ambo ya Kivukoni. Namwona pia anavyobeba barua za wazazi wake, akitafsiri madeni ya umeme na matangazo ya mwenye nyumba kwa sababu yeye ndiye aliyeshika lugha haraka. Mtoto aliyefanywa karani wa nyumba ana haki ya meza.

DADA WA MOMBASA: Na mimi niulize, shemeji, usinichukie. Hiyo ya Kigamboni unamjengea nani?

MUME: Watoto.

DADA WA MOMBASA: Umelifikiria vizuri? Mimi Mkenya, katiba yetu ya 2010 inaniruhusu uraia wa nchi mbili, na Ujerumani tangu tarehe 27 Juni 2024 hainilazimishi kuacha wa kwanza ninapochukua wake. Nyinyi Watanzania kwenu mtu mzima akichukua uraia wa nje anaupoteza wa nyumbani. Huyu binti akimaliza shule hapa, akipata kazi hapa, ataomba. Miaka 5 ya kuishi kihalali siku hizi ndiyo muda wa kawaida unaotakiwa. Na Sheria ya Ardhi yenu ya 1999, ilivyotungwa, haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji.

MJOMBA: Sheria hubadilika.

DADA WA MOMBASA: Zibadilike, nitafurahi. Lakini huwezi kumnyima mtoto meza kwa ajili ya nyumba usiyojua kama ataihitaji.

MUME: Basi niseme kweli? Nikiwa Kigamboni mimi ni mwenye nyumba. Fundi akinipigia ananiita bosi, ananiuliza dirisha likae wapi. Hapa mimi fundi umeme wa miaka kumi na mitano, hilo jiko likinunuliwa siruhusiwi hata kuliunganisha kwenye fezi tatu. Lazima aje fundi wa kampuni iliyosajiliwa. Nikitoka darasani najifunza kusema naitwa fulani, ninatoka mahali fulani. Ule msingi ndiyo kitu pekee mwaka huu kinachosema mimi ni nani.

Kimya kilichofuata hapo sikukiandika kwa ajili ya kupamba. Wanaume wengi waliowafuata wake zao Ulaya wanaishi ndani ya maneno hayo na hawana wa kumwambia. Anayedhani wanang'ang'ania saruji kwa ubahili hajawasikiliza. Hata hivyo uchungu wake si hoja dhidi ya jiko. Ni hoja ya kuharakisha vyeti vyake vitambuliwe, na katika hesabu ya mwaka wa kwanza ningeweka ada ya kutafsiri na kutathmini vyeti hivyo mbele ya saruji, sambamba na jiko.

MKE: Hukuwahi kuniambia hivyo.

MUME: Ungefanya nini? Unatoka kazini umechoka.

MKE: Ningekuambia vyeti vyako tuvipeleke. Na ningekuuliza tena alivyouliza dada: unamjengea nani? Watoto bado, sisi hadi tustaafu. Nani analala humo masika ijayo?

MUME: Mama. Chumba anachokaa Mbagala maji yanaingia kila mvua ikinyesha. Nilimwahidi.

Hilo ndilo lililokuwa ndani ya jibu la Mjomba tangu mwanzo. Nyumba ya Tanga ilikuwa na thamani kwa sababu kuna aliyeilala alipoihitaji. Vile vyumba vitatu vilivyobaki vilimsubiri mtu ambaye hakurudi. Ukiuliza nani ataitumia na lini, ule ubishi wa huku au kule unabadilika sura. Watoto wanahitaji meza leo. Bibi anahitaji paa kabla ya mvua. Wazazi wenyewe watahitaji vyumba vinne na baraza miaka ishirini na kitu ijayo, Mungu akipenda. Hicho cha tatu ndicho kinachokula pesa ya viwili vya kwanza, na ndicho ambacho ningekisimamisha bila kusitasita.

MKE: Jenga banda la uani. Vyumba viwili na choo, uezeke. Kila mtu Dar anaanza na banda la uani. Nyumba kubwa isubiri.

MUME: Msingi wa vyumba vinne umeshamwagwa zege, leo nimwambie fundi auache? Watu wanapita pale wanauona.

MJOMBA: Wanaopita hawalali pale, shemeji. Hilo nalikubali. Lakini mimi siafiki jiko la euro 1,200. Mwambieni yule mama 800, na mimi nitaleta gari la kubebea.

DADA WA MOMBASA: Ongezeni na ya fundi umeme. Na mpime ukuta kwanza kabla ya kwenda, msije mkakuta kabati halipiti.

MUME: Kupima nitapima mimi. Na tundu la umeme nitalikagua mimi, akija huyo wa kampuni akute kila kitu tayari.

MKE: Na mama nani atamwambia kwamba nyumba aliyoahidiwa imekuwa banda?

MUME: Wewe. Anakusikiliza.

MKE: Mimi ni mkwe. Nikimwambia mimi itakuwa muuguzi wa Ulaya amemkataza mwanawe kumjengea. Piga wewe, leo, kabla fundi hajampigia.

MUME: Kwao saa hizi ni usiku.

BINTI: Sasa hivi ni saa moja tu tofauti, baba. Bibi hajalala.